Waya wa Kijani

Muchiri alikuwa na sikio. Alilisema hilo mwenyewe, tena mara nyingi, mpaka wenzake katika ofisi ya bima kule Kenyatta Avenue wakachoka kumjibu. Mtu akinunua redio mpya, Muchiri angeinamisha kichwa na kukunja uso kama aliyeonja mboga zilizochacha, kisha atangaze, "Iko na kelele kidogo hapa chini." Hakuna mwingine aliyeisikia kelele hiyo, na yeye aliuhesabu huo kuwa ushindi wake.

Juni ya mwaka wa 2006, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, alipanda ngazi hadi dukani kwa Hafiz, ghorofani, karibu na Biashara Street. Hafiz alikuwa mtu wa Lamu, mwenye kofia safi na maneno mengi. Aliuza vitu ambavyo wengi mjini hawakujua kama vipo: hedifoni za Ujerumani na Japani zilizotumika zikatunzwa, na amplifaya za valvu, zile za kizamani zenye taa za kioo ambazo huwaka kama makaa kwanza, ndipo muziki uje.

Amplifaya waliafikiana mapema. Ilikuwa ya chuma kitupu, nzito, nzuri ya kutazama. Ugomvi ulikuwa kwenye hedifoni. Muchiri alivaa na kuvua Jumamosi nzima, akafumba macho, akatikisa kichwa, akaomba arudishiwe ile ya kwanza. Mwishowe zikabaki mbili mezani. Moja ilikuwa kubwa na mbaya ya sura, ngumu kusukumwa, ya ukinzani wa omu mia tatu. Nyingine ilikuwa nyepesi, ya mbao na ngozi laini.

"Chukua hii ngumu, bwana," Hafiz alisema. "Valvu ni kama punda wa kwetu, ataka mzigo. Mpe hedifoni nyepesi, utasikia mpaka pumzi zake."

"Lakini hii nyepesi iko na utamu yake. Huyo mama wa hii wimbo anaimba ni kama ako hapa kwa bega yangu."

"Yupo begani, na mngurumo wa amplifaya upo papo hapo begani."

"Mi sisikii mngurumo."

"Hapa hutausikia. Nje kuna mahoni na mikokoteni. Nyumbani kukinyamaza ndipo utanikumbuka. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema. Na wewe jembe lenyewe umelichagua kwa rangi ya mpini!"

Muchiri alicheka, akaondoka na ile nyepesi. Sikio la kufa halisikii dawa, hata liwe sikio la kujisifia namna gani.

Mngurumo ulimpokea nyumbani Mountain View siku ile ile. Ulikuwa mwembamba, wa chini kwa chini, nyuma ya kila wimbo. Mkewe, Wangui, alijaribu hedifoni akasema hasikii kitu. Binti yao Anita, wa darasa la kwanza, akasema anasikia nyuki. Neno la nyuki lilimkera Muchiri kuliko mngurumo wenyewe. Mtu mwingine angerudi kwa Hafiz, akubali kwamba alikosea, abadilishe hedifoni. Lakini kukubali kosa ni kazi, na Muchiri hakuiomba kazi hiyo. Akaingia saiba, akasoma mtandaoni maneno ya wanaume wa nchi za mbali wenye ugonjwa kama wake, na mmoja wao akamwambia anachotaka kusikia: kelele inapanda kwa waya wa arthi, ule wa kijani kwenye plagi, ukate itanyamaza.

Jumapili baada ya kanisa akaifungua plagi, akauchomoa waya wa kijani, akaukata kwa mkasi wa Wangui wa vitambaa. Akawasha. Kimya! Kimya kitamu, cheusi, na yule mama akaimba katikati yake. Muchiri alicheza peke yake sebuleni mithili ya bwana harusi.

Julai ikaingia na baridi yake, na pamoja nayo akaja mama mkwe kutoka Murang'a kutibiwa macho. Wote nyumbani walimwita Shosho, yaani nyanya, kama Anita. Alikuwa mwanamke mpole, mtu wa nyimbo za kanisa, na kwa vile macho yalikuwa yamefungwa nusu na hakuweza kusoma kitabu chake cha nyimbo, Muchiri alimkalisha kitini, akamvisha hedifoni. Akamwonyesha pia kuota moto kwa amplifaya. "Weka mikono hapa juu ya chuma, Shosho. Iko na joto poa kuliko jiko." Kila jioni akitoka kazini alimuuliza, "Ni tamu, Shosho?" Naye alimjibu, "Ni tamu sana, Baba Anita."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Alhamisi ile ya wiki ya pili, Muchiri alipopanda ngazi za Hafiz saa ya chakula cha mchana, si kununua kitu, bali kujigamba.

Hafiz alikuwa ameifungua amplifaya moja mezani, imelala chali, matumbo nje.

"Niaje, Hafiz. Si hiyo ni kama yangu?"

"Pacha wake. Hii ni ya mteja wangu mwingine, Odero wa Jamhuri, zilikuja sanduku moja. Nilitaka kukupigia jioni." Akaonyesha kwa ncha ya bisibisi. "Tazama waya huu wa stima. Fundi aliyeupitisha hapa aliuweka karibu mno na valvu. Joto limekula mpira wake kidogo kidogo, sasa shaba yagusa chuma. Ya Odero imekata fyuzi, ikazima, basi. Yako yaelekea kuwa vivyo hivyo. Niletee niitengeneze."

"Yangu iko fiti. Haijawahi kata fyuzi. Hata ule mngurumo nimeumaliza."

"Umeumalizaje?"

Muchiri akamweleza kwa mbwembwe, saiba na mkasi na vyote. Katikati ya maelezo aliona Hafiz ameweka bisibisi chini na uso wake umebadilika.

"Umekata arthi," Hafiz alisema.

"Si ndiyo ilikuwa inaleta kelele?"

"Ndiyo iliyokuwa ikikulinda, ndugu yangu. Stima ikivuja kwenye chuma, hupita kwa waya ule, fyuzi ikakatika, mambo yakaisha. Bila waya ule haina pa kwenda. Yakaa pale pale kwenye chuma, yangoja mtu." Akamtazama. "Nyumbani kuna nani?"

Muchiri alikuwa ameona viganja vya Shosho juu ya chuma, pale pale alipomwonyesha yeye mwenyewe. Aliona sakafu ya saruji ambayo Wangui huipiga deki kila asubuhi kabla ya kwenda dukani, na malapa ambayo Shosho huyavua mlangoni kwa adabu. Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

Akampigia Wangui, ambaye alikuwa kwenye duka lake la vitambaa kule Dagoretti Corner.

"Shosho ako aje?"

"Nimemwacha poa. Ni stima tu zimepotea tangu asubuhi. Nimemwachia hiyo mashine yako ikiwa on, ndio zikirudi aanze tu kuskiza, asihangaike kutafuta swichi na hayo macho. Kwani nini?"

"Hakuna."

Akakata simu. Alipaswa kusema, lakini aliona kama akilitamka jambo lile litatokea. Mtu mzima, na alifikiri hivyo. Akampigia jirani yao Kasyoka, ambaye kuta zao zimeshikana. Sauti ya mashine ikamwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Bila shaka, stima zimepotea, simu haina chaji. Shosho mwenyewe hakuwa na simu.

Hafiz alikuwa ameshafunga duka. Wakashuka ngazi mbio, wakaingia kwenye pikapu yake.

Hafiz aliendesha huku akisoma dua chini kwa chini, na kila aliponyamaza Muchiri alisema amina bila kuelewa hata neno. Westlands taa za maduka zilikuwa zinawaka, na kila taa ilimchoma. Walipoipita akaanza kutazama kila dirisha kandokando ya Waiyaki Way: pale kinyozi ana stima, pale hana, pale jenereta inatoa moshi, kwa hiyo hawana. Afadhali hawana! Nadhani ndiye mtu pekee katika jiji zima aliyemwomba Mungu siku ile stima zisirudi. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kikuyu, akaahidi mambo ambayo hata Mungu alijua hatayatimiza.

Kangemi magari yakasimama. Lori lilikuwa limekwama kwenye kona, na wenye magari wanapiga honi kana kwamba honi huvuta lori. Muchiri alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Kando ya barabara kulikuwa na kinu cha stima cha kusaga unga, na wanawake wamekaa juu ya magunia yao wakipiga soga, wanangoja. Aliwatazama wanawake wale kwa upendo. Maadamu wamekaa, Shosho yu hai.

Ghafla kinu kikanguruma. Wanawake wakainuka wakishangilia, wakibeba magunia.

"Zimerudi," Muchiri alisema, na sauti haikuwa yake.

"Labda ni huku tu," Hafiz alisema, lakini alikuwa amepandisha tairi juu ya ukingo wa barabara, akawapita wote kwa vumbi, watu wakimtukana mama yake na nyanya yake.

Mtaani Mountain View redio zilikuwa zinaimba kila nyumba. Muchiri aliruka pikapu haijasimama. Ufunguo ukakataa kuingia. Akaushika kwa mikono miwili, ukaingia.

Shosho alikuwa kitini, amemgeuzia ubavu, hedifoni masikioni, midomo ikifuata wimbo. Miguu mitupu, sakafu bado ina unyevu. Kando yake valvu ziliwaka rangi ya chungwa. Mikono yake ilikuwa mapajani.

"Shosho!"

Hakusikia. Zilikuwa hedifoni nzuri mno.

"Shosho, usiguse!"

Yeye akajifunga shali vizuri, kama afanyavyo mtu mwenye baridi, na mkono wa kulia ukaondoka pajani kuelekea kwenye chuma.

"Usimshike wewe!" Hafiz alipiga kelele nyuma yake. "Plagi! Plagi!"

Plagi ilikuwa nyuma ya kabati. Muchiri alijitupa kifudifudi, akagonga bega, akapapasa gizani kati ya ukuta na mbao, akaupata waya, akauvuta kwa nguvu zake zote. Plagi ikatoka ikamgonga mdomoni. Alipoinua kichwa, kiganja cha Shosho kilikuwa juu ya chuma.

Na bado midomo ilikuwa inaimba. Amplifaya ya valvu haifi mara moja ikikatwa stima. Hubaki na pumzi kidogo, muziki ukafifia taratibu. Muchiri alilijua hilo, alishawahi kulisifia mbele ya watu, lakini pale sakafuni hakulikumbuka. Alimtazama mama mkwe wake usoni akingoja uso ule ukunjamane. Alishika plagi mkononi na hakuamini kwamba ameishika.

Midomo ikanyamaza. Shosho akavua hedifoni.

"Zimepotea tena?" aliuliza. Kisha akageuka, akamwona mkwewe amelala chini na damu mdomoni, na mwanamume mwenye kofia mlangoni anatweta. "Baba Anita! Ni nini? Ni wezi?"

"Hapana, Shosho." Alijaribu kusimama akashindwa. "Hiyo kitu ni mbaya. Iko na stima kwa chuma. Ingekuua. Ni mimi niliiharibu."

Shosho alikitazama kiganja chake, akakigeuzageuza, kwa utulivu wa mtu anayepata jibu la swali la siku nyingi.

"Kumbe," alisema. "Nilidhani ndivyo zilivyo hizi za bei ghali."

"Zilivyo aje?"

"Zinauma. Tangu wiki iliyopita. Mwanzo ilikuwa kama siafu mkononi, kidogo tu. Jana ndiyo ilinitupa mkono hivi." Akaonyesha. "Leo nimesema nitaigusa polepole, labda haitauma."

Hafiz alishika kichwa, akasema neno la Mungu kwa Kiarabu.

"Shosho, mbona hukuniambia? Kila jioni si nilikuwa nakuuliza?"

"Ulikuwa unaniuliza kama ni tamu." Alisema bila lawama hata chembe. "Na mimi ningesema nini, Baba Anita? Nimekula kwako, nimelala kwako, macho yangu umelipia. Mama mkwe aseme kitu ya mkwe wake inamuuma? Kwetu hatusemi. Chai ikiwa na chumvi tunakunywa, tunasema asante."

Muchiri alicheka, au alitaka kucheka, ikatoka kwikwi. Aliketi pale kwenye saruji yenye unyevu akajifuta damu kwa mkono wa shati lake la kazini. Imepita, alijiambia. Mungu ni mkubwa, imepita. Angeibeba mashine ile mpaka kwa Hafiz, angechukua hedifoni ngumu, au hata asichukue kitu.

Shosho alikuwa bado anakitazama kiganja. Akashusha sauti, kama mtu anayeomba msamaha.

"Hata Anita jana jioni ilimuuma, akalia. Nilimwambia anyamaze, asikwambie. Nilimwambia baba yako anaipenda sana."