Mkono wa Kwanza wa Vanishi

Mume wangu alipokuwa anaacha sigara, nyumba nzima tuliteseka. Alipofanikiwa tuliteseka zaidi, maana hakuna aliyenusurika kusikia habari zake. "Niliamka tu asubuhi nikasema basi," aliwaambia wateja, mafundi, hata wauza mbao. "Kuacha ni kichwa. Asiyeacha hana kichwa." Akishasema hivyo anamtupia jicho mdogo wangu.

Mdogo wangu tunamwita Msasa, kwa kuwa kazi yake kwenye karakana ya baba ni kupiga msasa na vanishi. Mimi nafunika makochi kwa vitambaa, mume wangu ni seremala. Baba miguu imemgomea, anakaa nyumba ya mbele, na alishatamka mbele yetu wote: Msasa akifika mwisho wa mwezi bila kugusa bangi, funguo za karakana ni zake. Akiteleza, zinakwenda kwa mkwe. Mume wangu aliitikia kwa adabu zote. Hapo ndipo ningemshtukia, lakini nilikuwa bado nampenda.

Bangi ya Msasa ilikuwa na ratiba. Vanishi ukishapaka mkono wa kwanza, lazima usubiri ikauke ndipo upige msasa na kurudia. Miaka yote muda huo wa kusubiri ndio ulikuwa wa kuvuta, kwenye kigoda nyuma ya rundo la mbao, bangi kidogo, tumbaku kidogo, redio pembeni. Mshauri wa kliniki alimweleza, naye akanieleza mimi: hamu haikai kichwani peke yake. Inakaa kwenye kigoda, kwenye harufu, kwenye ule muda wa kusubiri, na siku ukigombezwa inaamka na njaa. Basi tukajipanga. Kigoda nikakitia stoo. Redio ikahamia kwangu. Vanishi ikishapakwa, Msasa anakuja kuning'olea misumari kwenye makochi chakavu. Kiu ikimkamata niliijua kwa vidole vyake: anachukua kipande cha msasa na kukisokota, kukisokota, kama anafunga bangi. Nampa koleo, tunapiga soga mpaka inapita.

Kisha mambo yakaanza kurudi nyuma. Kigoda nikakikuta nyuma ya mbao. "Nilikuwa napandia," akasema mume wangu. Redio nayo ikarudi kulekule. Kazi za haraka zikamiminika, na Msasa akizimaliza anaumbuliwa mbele ya wateja: "Shemeji, hii ni vanishi au uji? Au bangi ilishakula macho?" Msasa alisokota vipande vya msasa mpaka vidole vikachubuka. Nilipomwomba mume wangu ampunguzie, akanijibu, "Mwanaume hafugwi kama kifaranga, mke wangu."

Siku moja nilikwenda dirishani kukung'uta kitambaa, nikamwona. Msasa ndiyo kwanza alikuwa anaweka brashi chini. Nje, mume wangu alikuwa amechutama kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Akatoa kikaratasi mfukoni, akanyunyiza majani makavu juu ya kaa la moto, halafu akapepea kwa kofia moshi uingie ndani. Wala hakuwa na wasiwasi. Ungesema anafukuza mbu.

Ningepiga kelele, angesema kweli anafukuza mbu, na baba angemwamini. Nikarudi kwenye kochi langu nikagonga misumari mpaka mkono ukafa ganzi. Nilitaka aumie, tena aumie kwelikweli. Nilitaka aonekane hana kichwa, mbele ya mzee yule ambaye funguo zake alikuwa anazimezea mate.

Nami nilimjua mume wangu kuliko mshauri yeyote. Sigara yake ilikaa kwenye kahawa chungu, kwenye kiberiti cha njiti, na kwenye kumwogopa baba yangu.

Kesho yake nikachemsha kahawa, nyeusi tii. Nikaiweka kwenye chumba kidogo kando ya sebule ya baba, pamoja na kile kisahani cha majivu alichokuwa anatumia mume wangu zamani. Pakiti ya sigara na kiberiti nikajifanya nimevisahau dirishani. Halafu nikamwendea mbio mbio. "Mzee anakuita. Kuna kitanda kimerudishwa kimepasuka. Ana hasira, sijapata kumwona vile. Amesema umsubiri chumba kidogo." Hakukuwa na kitanda chochote. Mume wangu akajifuta jasho, akaenda.

Nilisimama nyuma ya mlango. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Nilisikia viatu vikienda na kurudi, vikienda na kurudi. Kisha njiti ikawaka. Sauti ile ilikuwa tamu kuliko lolote aliloniambia siku ya harusi yetu.

"Baba!" nikaita. "Njoo uone kichwa cha mkweo!"

Baba akaja, nami nikausukuma mlango. Mume wangu alikuwa amesimama na sigara mdomoni, moshi umetanda chumba kizima. "Mzee, hii... nilikuwa..." akaanza. Sikumpa nafasi. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, nikatoa kile kikaratasi na kukitupa sakafuni. "Mwulize anachochoma kwenye jiko la gundi kila vanishi inapopakwa!"

Baba alikitazama kikaratasi, akamtazama mkwewe. "Vua aproni yangu," akasema. "Na usirudi kwenye karakana yangu." Mume wangu aliifungua kamba huku ameinamisha kichwa, nami nilikitazama kichwa kile nikashiba.

Nikageuka nimwone Msasa anavyofurahi. Hakuwepo. Baba alikuwa ameegemea fremu ya mlango, na hapo ndipo akili iliponirudi: baba hatembei peke yake. Msasa ndiye anayemshika bega. Alikuwa amesimama ndani ya moshi ule muda wote, wa tumbaku, ileile aliyokuwa anachanganya na bangi. Nikatazama sakafuni. Kikaratasi hakikuwepo.

Nilikimbia. Nilimkuta nyuma ya mbao, kwenye kigoda, ngumi ya kushoto imefungwa, vidole vya kulia vinasokota hewa tupu.

"Usinisogelee, dada."

"Nipe hicho kitu, mdogo wangu."

"Moshi wa jiko la gundi niliujua zamani. Nilikuwa natoka nje, nauvumilia. Huu wa leo umeuwasha wewe."

"Haukuwa wako. Ulikuwa wa shemeji yako!"

"Pua haiulizi ni wa nani."

Nikatoa koleo mfukoni, nikamnyooshea. Akalichukua kwa mkono wa kulia. Kisha akainuka, akakipindua kigoda, akakibana kwa goti na kuanza kung'oa misumari kwa mkono mmoja, ngumi nyingine bado imefunga. Nilikaa kwenye maranda ya mbao. Hasira yote niliyokuwa nayo iligeuka woga, na ngumi ile haikufunguka.

Mguu wa mwisho wa kigoda ulipoanguka, akanitupia kikaratasi mapajani. Kilikuwa kimelowa jasho.

"Kakichome mbali na mimi," akasema. "Ila subiri kwanza upepo uelekee kwa shemeji."