Boti ya Makasia Mawili

Mama aliizunguka ile boti kubwa mara ya pili, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi nyumba asiyotaka kuingia. Mbao zilikuwa nzima. Kando yake ililala ndogo, rangi imebabuka, lakini nayo nzima.

"Ndogo ni ya mtu mmoja," alisema fundi aliyekuwa akiziuza, mzee mfupi aliyeitwa Randa. "Kubwa ni ya makasia mawili. Bila wawili haiendi. Chagua, dada yangu, jua linapanda."

Wanawe walisimama nyuma yake, mkubwa huku, mdogo kule, katikati pangepita mkokoteni. Tangu wavu wa marehemu baba yao upotelee majini, kila mmoja aliapa kwamba mwenzake ndiye aliyefunga fundo bovu, na hawakusemezana tena. Nyumbani maneno yalipitia kwa mama. "Mwambie huyo anipishe." "Mwambie nimeshampisha." Akinunua kubwa, watalazimika kukaa pamoja. Akinunua ndogo, basi amekubali kwamba undugu wao umekwisha.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," Randa alimnong'oneza.

"Nimelima mpaka jembe limebaki mpini, kaka. Ishusheni hiyo kubwa tuijaribu."

Wakaishusha. Wana wakakaa ubao mmoja, kila mtu na kasia lake. Mkubwa alivuta kwa hasira, mdogo kwa uvivu wa makusudi. Boti ikazunguka. Ikazunguka tena palepale, kama kuku aliyefungwa mguu. Wachuuzi wa samaki wakaacha ndoo zao.

"Jamani, hao wanavua au wanasaga?" mmoja alipaza sauti.

"Waulize unga utatoka lini, tuje na mifuko!"

Mama hakucheka. Aliitafuta hasira asiipate, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo akakuta tundu. Uchovu tu.

"Rudini!"

Walipofika alimgeukia mdogo. "Wewe, unataka kuvua?"

Kijana alijifuta jasho taratibu. "Nataka kazi ya gereji, mama. Nilikuwa nakuonea huruma."

"Na mimi nilikuwa nakuonea huruma wewe. Huruma imetumaliza wote."

Mkubwa akadakia, "Mwambie huyo..."

"Simwambii mtu kitu. Mdomo unao." Akamgeukia Randa. "Nipe hiyo ndogo."

"Na huyu mwingine?"

"Ana miguu. Gereji haiko majini."

Mkubwa akaanza kuisukuma boti ndogo peke yake, ikagoma. Ilikuwa imelala mchangani muda mrefu. Mama aliinama kusaidia, mgongo ukamkatalia. Mdogo akatazama pembeni, akatema mate, akaja kuweka bega.

"Kuna jiwe upande wako," mkubwa alisema bila kumtazama.

"Nimeliona."

Hayo ndiyo yote waliyosema. Boti ikateleza hadi majini, mkubwa akaruka ndani, na mdogo akarudi akikung'uta mchanga. Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa ile kubwa, amevua viatu, anasugua nyayo.