Dume la Kata Jirani

Severina alikuwa hajajaza nusu ndoo ya maziwa pale mtamba wake, Neema, alipoanza kulia tena. Tangu alfajiri alikuwa analia, pumba hakugusa, na mara mbili alimpanda mama yake, Pili, mgongoni mpaka maziwa yakamwagika. Severina akamwinua mkia, akaona ute unaning'inia kama weupe wa yai. Alikuwa kwenye joto, anataka dume. Jioni lingekuwa limekwisha, na kulisubiri jingine ni wiki tatu.

Wiki tatu hakuwa nazo. Mradi uliowagawia ng'ombe wanawake wa Chiungutwa ulikuwa na mkataba wake: mtamba akitimiza miaka miwili na nusu hajapandwa, mwenyewe ameshindwa kutunza, ng'ombe anarudi mradini na kupewa mwanamke mwingine. Neema alikuwa anatimiza mwisho wa mwezi huu.

Dume lilikuwepo, tena si mbali. Chuma, fahali wa kikundi, alifungwa nyuma ya nyumba ya Mzee Fakihi, mweka daftari wao. Kamati ilimchagua kwa sababu alikuwa mkubwa na mwekundu kuliko ndama wote wa mwaka ule. Lakini Severina alikwisha kumzika ndama mmoja wa Chuma, aliyezaliwa kipofu, akawa anatafuta chuchu kwa kugonga gonga ukuta mpaka akafa siku ya nne. Nyumba nyingine mbili walizika wa kwao.

"Shikamoo, Mzee Fakihi."

"Marahaba, Mama Furaha. Umemleta bibi harusi?"

"Sijamleta. Nimekuja unionyeshe daftari."

Mzee Fakihi akalifungua bila kinyongo. Kila ng'ombe alikuwa na mstari wake: jina, mwezi aliozaliwa, mama yake. Baba hakuandikwa popote. Huku mtu ni wa kwa mama yake, na mzee wa watu aliwaandika ng'ombe kama ambavyo angewaandika wajukuu zake.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Chuma ni wa tumbo la Sikujua. Neema ni wa tumbo la Pili. Wapi na wapi? Hata wangekuwa watu ningewaozesha."

"Na baba yao?"

Mzee akakuna kidevu. "Baba yao... si yule Jabali, dume la kwanza la mradi? Lilikuwepo jingine?"

Halikuwepo. Mzee akapitisha kidole kwenye mistari ya daftari lake, uso umemshuka, na Severina akamwonea huruma. Miaka sita alikuwa amefuata ukoo kwa uaminifu, kumbe nusu ya ukoo imebaki nje.

Joel, afisa mifugo wa mradi, alilijua jambo hili. Miezi minne iliyopita alipita nyumba kwa nyumba akawang'oa ng'ombe nywele za mkia, zikapelekwa maabara. Severina alimkuta ofisini akila muhogo wa kuchemsha.

"Shikamoo, Mama Furaha."

"Marahaba, mwanangu. Majibu ya nywele yako wapi?"

Joel akafuta mikono, akatoa karatasi kwenye droo. "Yamekuja zamani. Mama zao, Sikujua na Pili, ni dada, walitoka shamba moja. Juu yake baba mmoja. Chuma na Neema damu zao zinakaribia za ndugu wa tumbo moja. Upofu umejificha humo, ukikutana pande zote mbili, unatoka."

"Sasa mbona hamkutuambia?"

"Tulipeleka ripoti juu. Dume jipya liko kwenye mpango."

"Na ile mbegu ya kupandikiza?"

"Mtungi wa baridi haujajazwa tangu Machi. Mbegu zimeharibika."

"Basi nipe kibali nimpeleke kwa Paulina, kata jirani. Dume lake lilitoka Newala, halina undugu na haya yetu."

Joel akashusha macho. Dume la Paulina halikuwa la mradi, na mkataba ulisema ng'ombe akipandwa na dume la nje bila kibali, ananyang'anywa. Kibali cha namna hiyo husainiwa na bosi, naye bosi yuko semina mpaka Jumatatu. "Ngoja kidogo, mama."

Ngojangoja huumiza matumbo, na Severina alikwisha kungoja majoto manne. Alirudi nyumbani, akamfunga Neema kamba, akashika njia ya ndani ya mikorosho ili akwepe kizuizi cha barabarani, wanapokagua vibali vya mifugo. Saa mbili za mguu. Paulina hakuuliza kibali wala karatasi. Aliuliza tu kama mtamba amekunywa maji. Dume lake dogo, la madoa, ambalo kamati isingelitazama mara mbili, likamaliza kazi kabla chai haijachemka.

Wakati wa kurudi, jua limelala upande, pikipiki ikasimama mbele yao kati ya mikorosho. Joel. Alimtazama Neema, akaona mgongo uliochafuka matope, akaelewa.

"Mama, nikiandika hili, Neema anachukuliwa."

"Najua."

"Ngoja niandike Chuma. Sijakuona."

Severina alitamani kuitikia. Alikuwa amemlisha Neema kwa chupa tangu akiwa wa siku moja. Akashika kamba kwa mikono miwili.

"Ukiandika Chuma, akizaa jike, kesho huyo ndama mtampeleka kwa ndugu wa dume la Paulina mkidhani ni mgeni. Andika dume la Paulina, la Newala. Andika na jina langu."

Joel akaegemeza daftari kwenye tangi la pikipiki, akaandika polepole. "Bosi akirudi, watu wa mradi watakuja Ijumaa," alisema. "Anayefuata kwenye orodha ya wanaosubiri ng'ombe ni Winfrida."

"Mwambie asihangaike usiku wa kuzaa. Huyo ndama atamwona mama yake."

Akamvuta Neema, wakaiacha njia ya mikorosho, wakapita barabarani, mbele ya kizuizi.