Sinia la Matundu Manne

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kugawa chakula ndani ya laptopu ya mwanangu Tausi.

Sikushangaa. Kwenye hitma za mtaa wetu hapa Ujiji mgawaji ni mimi, na sijawahi kukataa mwito. Nikajifunga kanga, nikasema Bismillahi, nikaingia kwa mguu wa kulia kupitia lile tundu la ubavuni.

Kabla sijaendelea, niseme shida tuliyolala nayo. Marehemu mume wangu, Idrisa, aliacha sidii moja. Mwaka wake wa mwisho alikaa mbele ya kinasa sauti akawaombea dua watoto wetu wanne, mmoja mmoja kwa jina. Tausi ndiye kitindamimba. Hakuwahi maziko, gari lilikufa njiani kutoka Tabora, na jambo hilo halijamtoka moyoni. Sasa amekuja na kisomeo cha sidii, kile cha kuchomeka kwa waya, maana laptopu yake haina mahali pa kuweka sidii. Siku tatu tunajaribu. Baba anamtaja Shomari, anamtaja Zena, anamtaja Kashindi, halafu kisomeo kinalia tik, tik, kinazima. Na Tausi anaondoka leo. Jana tukiwa tunakula alisema polepole, "Mama, labda mimi hakunitaja."

Basi nikaingia.

Ndani kuna ua uliofagiliwa vizuri. Sakafu yake ni vitufe vya herufi, ninakanyaga kwa tahadhari nisije nikaandika neno baya. Katikati kuna sinia lenye matundu manne pembeni. Nikalitambua. Ni kile kidude cha USB ambacho Tausi anakiita habu, tulichochomekea vitu vyetu vyote.

"Asalamu aleikumu, Bi Mgawaji," linasema sinia.

"Waaleikumu salamu. Wageni wangapi?"

"Wanne. Lakini pilau ni kidogo. Mwenye nyumba, laptopu yenyewe, ananipa kupitia tundu moja, na mimi nagawa nilichopewa."

Wageni wameshakaa. Kuna Kipanya, anakula punje moja moja kwa adabu. Kuna Feni, yule mdogo wa mezani, anakipuliza chakula cha kila mtu. Kuna simu yangu, mdomo umejaa, haimwitikii mtu salamu. Wa nne ni Kisomeo, jitu lenye mabega ya mchukuzi, na mgongoni amembeba mtu.

Aliyebebwa ni Idrisa. Kavaa kofia yake ya Ijumaa, viganja kaviinua.

"Mama Shomari, hujambo?"

"Sijambo, Baba Shomari. Umekonda."

"Nimekaa juu ya mwenye njaa," anasema.

Nikagawa. Mimi nagawa sawa kwa sawa, hakuna aliyewahi kunilalamikia. Tonge kwa Kipanya, tonge kwa Feni, tonge kwa simu, tonge kwa Kisomeo. Kisomeo akameza lake, akainuka, akaanza kukimbia kuuzunguka ua.

Anakimbia, na Idrisa anaomba. "Ya Rabi, mlinde Shomari." Mzunguko wa pili. "Zena mpe subira." Mzunguko wa tatu. "Kashindi mfungulie riziki." Mzunguko wa nne, Idrisa anafungua mdomo, magoti ya Kisomeo yanagongana, tik, tik, chini. Idrisa anajikuta tena pale walipoanzia. Anajikung'uta vumbi.

"Hii ni mara ya arobaini na moja," anasema bila hasira. "Jina liko hapa kwenye ulimi."

Nikamwinamia Kisomeo. "Mwanangu, mbona huna nguvu? Si umekula kama wenzio?"

"Nimekula kama wenzangu, Mama. Lakini wenzangu wamekaa. Mimi naanza mbio na mzee mgongoni, na kule kuanza ndiko kunakomaliza tonge lote."

"Nimegawa kwa haki."

"Ndiyo, Mama. Naanguka kwa haki."

Nilitaka kumjibu, lakini ua umeshakuwa darasa langu la nne. Mimi nimekaa dawati la mbele, na sinia limeshika chaki. Limeandika ubaoni: sinia moja, watu wanne. Ninanyoosha kidole, ninasema, "Robo, Mwalimu." Kipanya na Feni wananipigia makofi.

"Na mchukuzi anahitaji kiasi gani?" linauliza sinia.

Nikashusha kidole. Hesabu hiyo hatukuifikia.

Hapo ndipo nikaona kwamba Kisomeo anauficha mkono mmoja nyuma. Nikauvuta. Kumbe waya wake una vichwa viwili. Kimoja kimeshika sinia, cha pili kimefungwa kwa uzi mweusi.

"Nani kakufunga?"

"Wewe, Mama. Juzi, ukiwa unashona."

Ni kweli. Nilikiona kichwa cha pili kinaning'inia, nikadhani ni cha akiba, nikakifunga na kupiga fundo kisizagae. "Na tena," nikajitetea, "kula kwa mikono miwili mbele za watu ni ulafi. Wanangu wote nimewakataza."

"Tumbo ni moja, Mama. Njia ndizo mbili."

"Mpeleke kwa mwenye nyumba moja kwa moja," linasema sinia. "Pale ukutani kuna matundu mawili, langu na lile ambalo hamjalitumia. Kwangu hatashiba, sina changu."

"Na wageni hawa?"

"Kipanya na Feni wapumzike. Simu ikale kwenye soketi ya umeme."

Simu ikanuna. "Mimi nilitangulia kufika."

"Na umetangulia kushiba," nikaiambia.

Tangu nianze kugawa sijawahi kumwinua mgeni kwenye sinia. "Jamaa zangu, nisameheni, inukeni." Wakainuka. Sinia lenyewe likajikunja mkia, likaenda zake bila kinyongo.

Mkasi sikuwa nao. Nikaukata ule uzi kwa meno. Kisomeo akaviingiza vichwa vyake vyote viwili ukutani, akala, akala, nikasikia tumbo lake likinguruma vizuri. Akasimama wima. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaanza.

"Sasa sikiliza, Mama Shomari," anasema Idrisa, na anafungua mdomo.

Ikaadhiniwa alfajiri. Nikaamka.

Nikaenda kutawadha. Wakati wa kusukutua nikahisi kitu katikati ya meno. Nikakivuta. Ulikuwa uzi mweusi, una fundo. Nikaufunga kwenye pindo la kanga, nikaswali.

Jua lilipotoka Tausi alikuwa anafunga begi. Nikamwambia, "Chomoa hicho kidude cha matundu manne. Weka kisomeo peke yake. Waya una vichwa viwili, vyote viingie kwenye laptopu yenyewe."

"Mama, nani kakufundisha?"

"Weka kwanza."

Akaushika waya, akaugeuzageuza. "Uzi wako uko wapi? Jana usiku ulikuwepo. Nilijaribu kulifungua fundo likanishinda."

"Weka, Tausi."

Akaweka. Kisomeo kikanguruma vizuri, kama nilivyokisikia kule. Shomari akatajwa. Zena. Kashindi. Tausi kafumba macho, anangoja tik. Haikuja.

"Na Tausi wangu," ikasema sauti ya Idrisa, "yuko mbali huyu. Ya Rabi, siku yangu ikifika naye akachelewa, usimhesabie. Mimi simhesabii."

Tausi alikaa chini juu ya begi lake. Kisha akapangusa uso na kuomba irudiwe tangu mwanzo. Tukairudia mara nne. Gari lake la saa moja likapiga honi kule barabarani, likaondoka.

Nikafungua pindo, nikampa ule uzi aliouulizia.