Gari Linalosonya

Kama lipo gari lililozaliwa na kinyongo, basi ni lile la mama mkwe wake Fundi Sikio. Barabarani lilitetemeka mpaka vioo vikagongana na fremu. Likiingia gereji linatulia kama mgeni aliyeketishwa sebuleni. Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki sita. Fundi alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono kiunoni, injini ikinguruma taratibu bila kosa, akalisubiri likosee. Alilisubiri robo saa nzima, na halikukosea.

"Shenzi kabisa," alilitukana chini chini, maana mwenye gari alikuwa ameketi kwenye benchi hatua tano tu kutoka pale.

"Unasemaje, mkwe wangu?"

"Nasema gari iko sawa, Mama."

"Liko sawa. Gari liko sawa."

"Ndiyo, Mama. Liko sawa."

"Sasa kama liko sawa, mimi nimefuata nini hapa?"

Mama huyu alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Alistaafu kufundisha, lakini kusahihisha hakustaafu. Alisahihisha mabango ya maduka, alisahihisha kadi ya harusi ya binti yake mwenyewe ikiwa tayari imechapwa, na zaidi ya yote alimsahihisha mkwe wake. Hajawahi kumtukana wala kumnunia, hilo lazima lisemwe. Ila fundi hakuweza kumaliza sentensi mbili mbele yake bila moja kurudishwa ikiwa na alama nyekundu. Miaka tisa ya ndoa ilimfundisha namna moja tu ya kujikinga: mama mkwe akianza kusema, yeye anaitikia "ndiyo, Mama" huku mawazo yameshakwenda zake.

Na huyo ndiye mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina alilipata kihalali. Gari lilikuwa bado liko kona ya pili, yeye yuko chini ya lori, na tayari ameshasema, "Hilo linalokuja plagi ya tatu imekufa." Likifika, likifunguliwa, plagi ya tatu imekufa kweli. Kwa sifa hiyo aliishi, na kwa sifa hiyo alitembea kifua mbele.

Sasa kifua kilikuwa kimeingia ndani. Alibadilisha plagi zote nne na waya zake. Alifungua kabureta akaiosha mpaka ikang'aa kuliko vyombo vya jikoni kwake. Alifuatilia mipira ya hewa mmoja mmoja, akaipulizia dawa kutafuta ufa, asiuone. Alibadilisha hata raba zinazoshikilia injini, ingawa zilikuwa bado nzima, kwa hasira tu. Kila mara aliliwasha, likatulia, akalirudisha. Na kila mara, baada ya wiki mbili hivi, mama mkwe alirudi.

Kila mara fundi aliporudi kwenye daftari la gereji, alikuta maneno yale yale aliyoyaandika siku ya kwanza: *Gari la Mama. Linatetemeka likisimama.* Siku ile mama mkwe alikuwa amesema, akitamka kila silabi, "Linatetemeka nikilisimamisha, halafu linanisonya." Hilo la kusonya fundi hakuliandika. Alilichukua kuwa kijembe cha kumchoma yeye, akakimeza kama alivyovimeza vingine.

Lingekuwa gari la mtu mwingine, angeshamwambia mwenyewe aliuze kama vipuri. Lakini gari hili ndilo lililompeleka Kasuku shuleni kila asubuhi. Kasuku ni mwanawe wa pekee, ana miaka saba, na jina hilo alipewa kwa sababu huamka akiongea. Fundi hufungua gereji alfajiri, mke wake ni muuguzi na zamu zake hazina mpangilio, kwa hiyo Bibi alijitolea. Kila siku saa moja kasorobo mtoto alipandishwa kiti cha nyuma, akafungwa mkanda, na fundi mwenyewe, akiwa amerudi mbio kutoka gereji kwa ajili hiyo tu, alifunga mlango na kuupiga kofi mara mbili kwamba nendeni.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema sasa, akinyanyuka kutoka kwenye benchi na kujikung'uta sketi, "nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa likinifanyia tena, nalipeleka kwa yule wa mtaa wa juu."

Yule wa mtaa wa juu alifundishwa kushika spana na Sikio mwenyewe. Fundi alihisi uso unapata moto. Mama mkwe wake mwenyewe, aonekane amepanga foleni kwa mwanafunzi wake! Wateja wangesema nini? Angesema nini mke wake?

Mke wake alisema jioni ile ile, akimenya viazi bila kumtazama. "Mama analalamika goti. La kulia. Anasema akifika shuleni linamuuma kama amepanda mlima."

"Umri huo."

"Anafikiria kuacha kuendesha."

"Basi aache! Tupumzike wote na hilo gari lake!"

Kisu kilisimama. "Umewahi kupanda naye? Ukakaa pembeni yake akiendesha, ukaona anachokiona yeye?"

"Nimeliendesha mwenyewe mara nne. Nimelizungusha mtaa mzima. Halina kitu."

"Nimekuuliza kama umewahi kupanda naye."

Hakuwahi. Kukaa ndani ya kile kisanduku cha bati na mama mkwe, bega kwa bega, bila pa kukimbilia wakati sarufi inamwagika? Hapana. Alisema ana kazi nyingi, akatoka kwenda kukaa nje, amekasirika na mke, na viazi, na gari, na zaidi kuliko vyote amejikasirikia yeye, maana alijua kwamba kuna kitu asichokijua, na kutojua kulimwasha kuliko upupu.

Ijumaa ilifika. Saa mbili na nusu asubuhi gari liliingia gereji, limeshamshusha Kasuku shuleni, na lilipokuwa bado getini fundi alilisikia. Lilitetemeka! Kwa nukta tatu tu, lakini alilisikia kwa masikio yake, mngurumo umekatika katika, boneti inacheza. Aliacha spana ikaanguka, akakimbia. Alipofika, mama mkwe alikuwa amevuta breki ya mkono na kutoa mguu, na injini ilikuwa imetulia tuli.

"Usizime!" alifoka, akasahau heshima. "Samahani, Mama. Usizime. Lirudie."

"Lirudie nini? Mimi ndiye ninayetetemeka?"

Alifungua boneti. Alisikiliza. Alitikisa waya, akabana mipira kwa koleo, akagusa huku na kule. Hakuna. Alipiga ngumi kwenye ukingo wa bati mpaka mkono ukamuuma, na machozi ya hasira yakamlenga, mtu mzima na ndevu zake.

Mama mkwe hakushuka. Alimtazama kupitia dirisha, kisha akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "Niletee hilo daftari lako."

Alimletea, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubishana. Mama alivaa miwani, akafungua ukurasa, akasoma kwa kidole. Kidole kilisimama. Mkono wake wa pili, wenyewe tu, ukaingia kwenye mkoba na kutoka na kalamu nyekundu.

"Nani kasema *likisimama*?"

"Wewe, Mama."

"Mimi?" Aliivua miwani. "Mimi niliyefundisha kauli ya kutendesha miaka thelathini na mmoja? Nilisema *nikilisimamisha*. Likisimama ni lenyewe limesimama, halina mtu. Nikilisimamisha, ni mimi ninalifanya lisimame." Akakata neno kwa wino mwekundu na kuandika lake juu, kwa mwandiko wa ubaoni. "Huoni tofauti?"

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo, Mama. Lakini safari hii mawazo yalichelewa kuondoka, na neno likamkuta nyumbani.

Mimi ninalifanya lisimame. Kwa kitu gani?

Kwa mguu.

Aliyemfundisha kazi alikuwa akimzaba kofi kila alipoukuta mguu wake umeegemea breki bure. Hivyo Sikio hupunguza mwendo kwa gia, hugusa breki kidogo mwishoni, kisha huvuta ya mkono na kuachia. Miaka ishirini hivyo hivyo. Na anapokagua injini husimama nje, mbele ya boneti, ndani hamna mtu. Gari hili lilikuwa halijawahi kukanyagwa breki sawasawa mbele ya masikio yake.

"Mama," alisema polepole, "kanyaga breki. Kanyaga unavyokanyaga siku zote, usiachie."

Alikanyaga. Gari likaanza kutetemeka, lote, kuanzia boneti hadi kioo cha nyuma, na halikuacha.

"Achia."

Likatulia.

"Kanyaga tena."

Likatetemeka. Na humo ndani, chini ya usukani, kukatoka sauti nyembamba, ya hewa inayofyonzwa katikati ya meno: *tsss*.

"Hilo hapo," mama mkwe alisema. "Linanisonya. Si nilikwambia?"

Fundi aliingia kichwa kwanza, akalala ubavu sakafuni mwa gari, uso karibu na viatu vya mama mkwe wake, mahali ambapo hakuna mkwe duniani angependa kukutwa. Alisikiliza. Sauti ilitoka nyuma ya pedeli, kwenye busta, lile duara jeusi la bati ambalo hutumia mvuto wa injini kuusaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Mpira wa ndani ulikuwa umechanika. Kila breki ilipokanyagwa, hewa iliingia hapo ikaenda kuivuruga injini. Alichokitafuta wiki sita, hiki hapa, shibiri moja kutoka puani mwake. Alingoja furaha ije.

Alimwomba mama atoe mguu, akaisukuma pedeli kwa mkono. Ilikuwa ngumu. Aliisukuma kwa mikono miwili, na ilishuka kidogo tu.

Furaha haikuja. Alibaki amelala pale, pedeli mikononi. Kumbe ugonjwa haukuwa kutetemeka. Kwa wiki sita gari lilikuwa likisema breki zinakufa, mama mkwe akasema, na yeye akaosha kabureta.

Alitoka kinyumenyume. "Mama, ule mteremko wa shuleni. Pale getini, watoto wanapovuka. Unasimamishaje?"

Mama mkwe alitazama usukani, hakumtazama yeye. Alipojibu, sauti ya ubaoni ilikuwa imekwisha.

"Kwa miguu yote miwili. Wiki hii imekuwa hivyo. Nilidhani ni uzee, mkwe wangu. Nilidhani goti limekwisha. Nikianza kushuka namwambia Kasuku tuimbe, tena kwa nguvu, ili asinisikie ninavyohema."

Fundi aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Kila asubuhi ya wiki hizo sita alikuwa ameufunga mlango ule kwa mkono wake na kuupiga kofi mara mbili.

"Goti lako ni zima, Mama," alisema. "Mimi ndiye sikusikia. Nisamehe."

Alinyoosha mkono, akazima injini, akatoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Alimshika mkono akamsaidia kushuka. Mama alijaribu mguu wa kulia chini mara mbili tatu.

Mchana walikwenda kumchukua mtoto kwa miguu, wote wawili, wakishuka mteremko ule polepole. Ulikuwa mrefu kuliko fundi alivyoukumbuka. Huko chini waliona watoto wanamiminika getini na kukatiza barabara bila kutazama, na mama mkwe akamshika fundi kwenye kiwiko.

Kasuku aliwaona, akaja mbio, mkoba ukimpiga mgongoni. Akasimama, akatazama huku, akatazama kule.

"Bibi, gari iko wapi?"

Fundi alingoja Bibi amsahihishe. Alingoja, akamgeukia. Mama mkwe alikuwa ameupigia magoti ule mkoba, anafunga kamba iliyokuwa imefungwa tayari, na midomo yake imebanwa.

"Liko gereji, mwanangu," fundi alisema. "Gari liko gereji."