Mgonjwa wa Redio ya Chuo

Redio ya chuo kimoja cha mji wa Buffalo ilianzishwa na wanafunzi watundu waliogundisha trei za mayai ukutani, katika chumba cha chini ya ardhi, ili kelele zao zisiwafikie walimu. Miaka arobaini baadaye trei zilikuwa bado pale, na utundu nao ulikuwa umerithiwa salama na Rakeli, aliyewatangazia wahamiaji wenzake kwa Kiswahili kila Jumamosi mchana.

Mwaka 2015 chuo kikamtuma Bwana Novak kuifunga redio. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda ushahidi. "Nitakaa hapa kipindi kizima," alisema. "Simu ikilia hata mara moja, redio inabaki."

Rakeli akaona giza. Wasikilizaji alikuwa nao tele, Lackawanna na North Buffalo pale jirani, hata miji ya mbali ya Columbus na Louisville walikompata kwa intaneti. Lakini wengi ni akina mama wanaosikiliza huku wanapika, na salamu zao humpa kanisani. Nani apige simu redioni, aseme nini? Akasoma matangazo, akapiga nyimbo mbili za kwaya. Simu kimya. Bwana Novak akatazama saa yake kwa huruma.

Basi, damu ya watundu ikamchemka Rakeli. Akaisogelea maikrofoni, akatoa sauti ya msibani: "Wapendwa, niko hapa na mzungu mmoja, mgonjwa sana. Mji huu wote hana ndugu." Akamwashiria Bwana Novak asalimie. Naye, maskini, asiyejua neno, akatabasamu na kusema, "Jambo."

"Mnasikia sauti inavyokwisha," Rakeli akasema.

Simu ikalia. Mama Shami wa Louisville alitaka iwekwe sikioni mwa mgonjwa, amwombee. Columbus wakafuata, wakaimba. Kabla kipindi hakijaisha mlango ukafunguliwa, wakaingia akina mama wa Lackawanna na sufuria ya uji, mbele yao Yudita, mamaye Rakeli. Kwao mgonjwa haachwi peke yake, awe nani. Wakamlaza Bwana Novak kwenye kochi, wakamfunika kitenge, wakamwekea mikono kichwani.

"Kwani naumwa nini?" akauliza, kijiko mdomoni.

Rakeli akatafsiri kwa woga. Mama Delfina, Mrundi, akajibu: "Kukosa ndugu mji mzima, si kunatosha?"

Alipotafsiriwa jibu hilo, Bwana Novak hakucheka. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na pale chuoni hakuna aliyewahi kumletea hata chai. Akasema redio ibaki, kisha akaomba uji zaidi.

Kwenye korido Yudita akamshika binti yake sikio, akamsemesha kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Ule muntu haiko mugonjwa. Weye ulidanganya kanisa nzima."

"Ndiyo, mama."

"Bon. Kipindi ya samedi ingine utasema iko anapona." Yudita akachungulia ndani, akamwona Bwana Novak akikomba sufuria kwa kidole. Akaliachia sikio. "Lakini umuponyeshe pole pole."