Mwisho wa Konokono wa Mwezini

Kanda ilikuwa ndani ya kochi. Fundi alipong'oa pini za mwisho na kuvua kitambaa cha chini, vilianguka vitu ambavyo huanguka siku zote: sarafu, kitana, kalamu isiyo na kifuniko, mguu wa mwanasesere. Kisha, kati ya springi mbili, akaona kanda ya video katika jalada lake, nailoni ya kiwandani bado haijachanwa. Juu ya jalada, konokono mkubwa kuliko ghorofa alikuwa amelalia daraja, na mwanamke mwenye gauni jekundu alikuwa amejishika mashavu kwa mikono miwili.

Fundi aliweka bisibisi chini. Filamu hiyo aliijua. Aliijua yote isipokuwa mwisho wake.

Alimpigia simu mwenye kochi, mwalimu mmoja mstaafu.

"Kanda?" mwalimu alicheka. "Mimi hata deki sina, fundi. Itakuwa ya wanangu walipokuwa wadogo. Ichukue."

Kwa miaka mingi Fundi alikuwa akikusanya filamu za namna hiyo pamoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe, kinyozi ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe. Filamu nzuri hawakuzitaka. Nzuri kila mtu anazo, alisema Wembe. Walitaka zile zilizopigwa harakaharaka kwa hela ya mboga: chombo cha anga kinachoning'inia kwa uzi, maiti anayepumua, gari lilelile linalolipuka mara mbili katika mitaa miwili. Walizifukua katika masanduku ya minadani na katika maduka ya kukodisha kanda yaliyokuwa yakifunga milango. Majalada yake yalidanganya mchana kweupe, na huo ndio uliokuwa utamu wenyewe. Wembe aliondoa ukungu kwa spiriti na kwa brashi laini ya kufutia wateja shingo. Fundi alizipanga katika rafu za chumba cha nyuma kwa aina ya kiumbe: wadudu huku, watambaao kule, mboga zinazokula watu karibu na dirisha.

Ijumaa jioni walitazama. Kanda mpya hakuitazama mtu peke yake. Kupeleka mbele ilikuwa mwiko. Aliyeona kosa kwanza aligonga meza, na mwenzake alikwenda kuchemsha chai.

"Zipu!" Wembe alikuwa akiruka kitini. "Shemeji, jini lina zipu mgongoni!"

"Nimeiona tangu linatoka majini. Na hiyo sponji ni ya kitanda cha mtoto, wameikunja mara mbili."

"Gonga meza basi, mbona unaongea tu?"

Mke wa Fundi, muuguzi, akipita na sare yake ya kazini, alikuwa akiwauliza ni nani kati yao aliyeachishwa ziwa mwisho.

Konokono wa Mwezini ndiye aliyewagombanisha. Fundi aliinunua kanda ya kwanza mnadani, ikiwa na ukungu, akampa Wembe akaisafishe. Ijumaa wakakaa. Konokono alitua, akaanza kutambaa kuelekea mjini taratibu kuliko maji yanayongojwa yachemke, na wakazi wote wakakimbia, wakajikwaa, wakaanguka, wakamngoja awafikie. Ilikuwa filamu mbovu kuliko zote walizowahi kuona na walikuwa na furaha isiyo kifani. Kisha profesa akapanda mnara na gunia la chumvi, akaliinua juu ya kichwa cha mnyama, na picha ikakatika. Chenga tupu, mpaka mwisho wa kanda.

Fundi aliitoa na kuigeuza. Kila kanda ya dukani huvunjwa kijino cha plastiki ubavuni ili deki isikubali kurekodi juu yake. Hii, tundu la kijino lilikuwa limezibwa kwa selotepu.

"Umerekodi juu yake."

"Mimi? Selotepu niliikuta. Nimeisafisha tu, shemeji."

"Basi nani kafuta?"

"Naapa sikubonyeza kitu."

"Usiape nyumbani kwangu."

Wembe alikata mguu. Fundi akaanza kunyolewa kwa kinyozi mwingine, aliyemwacha na ngazi kisogoni. Waliokutana nao misibani na harusini waliona watu wawili wakisalimiana vizuri na kukaa mbalimbali. Fundi aliendelea kununua kanda, lakini hakuzifungua, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria. Zilirundikana mezani katika chumba cha nyuma, na nailoni zake, zikashika vumbi.

Jioni hiyo aliiweka kanda ya kochini mbele ya mkewe. Muuguzi alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni.

"Sasa ukweli utajulikana," Fundi alisema. "Aje aone alichofuta."

"Akishaona?"

"Atakiri."

"Akishakiri, Ijumaa inayofuata utatazama na nani?"

Fundi alichunguza jalada.

"Nakuuliza, baba. Rundo lote lile utalitazama na nani? Mimi sitaki konokono. Na mdogo wangu nimechoka kumwona kama naiba." Alitoa mguu mmoja majini. "Nitamwita. Ila ukimfukuza tena, na rafu zako zitoke."

Wembe alikuja Ijumaa akiwa bado na nywele za wateja kwenye kola. Alimpa dada yake mkono, akampa Fundi mkono, akakitazama kisogo cha Fundi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani kakufanyia hivyo?"

"Kaa," alisema Fundi.

Hakuna aliyegonga meza. Kivuli cha maikrofoni kilipita juu ya paji la uso wa meya, mawimbi ya bahari yakageuka kuwa shuka, na wote wawili waliona. Muuguzi, aliyesema hataki konokono, alikuwa amesimama mlangoni. Profesa alianza kupanda mnara. Wembe alipangusa viganja kwenye suruali.

Gunia lilipanda juu ya kichwa cha mnyama. Profesa alifumbua mdomo. Picha ikaganda hapohapo, tarumbeta zikalia mara moja, likatokea neno MWISHO, na majina yakaanza kupanda.

Fundi alichukua rimoti, akarudisha nyuma, akatazama tena. Gunia, mdomo, tarumbeta, MWISHO.

"Chumvi hawakuimwaga," alisema.

"Labda hela ya chumvi iliwaishia," alisema muuguzi.

Wembe alikuwa ameinama. "Shemeji, nilibonyeza."

"Nini?"

"Kitufe chekundu. Nilikuwa naijaribu kule saluni baada ya kuisafisha, mteja akaniita, nikabonyeza nikidhani nasimamisha. Niliporudi ikawa chenga. Nikajua nimekuulia filamu. Nikaapa."

Fundi aligeukia runinga. Kwenye kioo majina yalikuwa yanaendelea, na mengi yalikuwa ya ukoo mmoja. Mmoja alitajwa kuwa konokono, mbele. Wa chini yake alikuwa konokono, nyuma.

"Kumbe walikuwa wawili ndani," alisema Fundi.

"Ndiyo maana alikuwa anapinda vibaya kwenye kona."

"Hao ndio uliowafuta. Mbele na nyuma."

"Hao tu?"

"Na uliniapia."

"Niliapa," alisema Wembe. "Nilikuwa naogopa utakuwa hivi hivi ulivyo sasa."

Muuguzi hakuondoka mlangoni. Majina yakaisha, kioo kikawa cheusi, deki ikaanza kujirudisha yenyewe kwa mlio wake wa nyigu. Fundi aliinua mkono akagonga meza.

Wembe alishtuka. "Kosa gani tena?"

"Profesa amebeba gunia lililoandikwa sukari. Tangu chini ya mnara. Umekaa unaliangalia."

"Nililiona!"

"Meza hukugonga. Nenda kachemshe chai."

Wembe alisimama. Kutoka jikoni zikasikika kabati zikifunguliwa na kufungwa, na dada yake akimwambia majani yako palepale, hakuna aliyeyahamisha. Fundi aliivuta kanda ya juu kabisa kwenye rundo, akapuliza vumbi.

"Usianze!" sauti ilitoka jikoni.

Fundi alikuwa bado anatafuta pa kuichania nailoni.